Taifodi Isiyosikia Dawa

Karatasi ya maabara inarudi mikononi mwako imeandikwa TO 1:160, TH 1:80, na chini yake neno moja limezungushiwa kalamu: taifodi. Unakwenda dirisha la dawa, unapewa sipro za siku saba, unalipa, unarudi nyumbani. Miezi mitatu baadaye homa inarudi, unapimwa tena, namba ni zilezile, na sipro ni zilezile. Wapo watu katika miji yetu waliotibiwa taifodi mara tatu au nne ndani ya mwaka mmoja, na wameshazoea kusema, "Mimi taifodi yangu haiishi." Makala hii nimeiandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya mzazi ambaye usiku huu ana mtoto mwenye homa ya siku ya tano.

Kipimo kilichotoa namba hizo kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na bakteria hao au jamaa zao. Kingamwili hukaa kwenye damu miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha, na katika nchi kama zetu, ambako wengi tumeshakutana na bakteria wa jamii ya Salmonella, mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa nazo bila kuumwa chochote. Hata malaria inaweza kuzipandisha. Namba hizo ni kama nyayo kwenye mchanga: zinakuambia kuna aliyepita, hazikuambii alipita lini wala kama bado yumo ndani ya nyumba.

Jambo hili limepimwa hapa hapa kwetu. Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwapima watoto waliolazwa kwa homa kwa njia mbili, kwa Widal na kwa kuotesha damu, na matokeo wakayachapisha mwaka 2010. Kati ya watoto ambao Widal iliwasema wana taifodi, takriban mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyeonekana na bakteria wenyewe kwenye damu. Kuotesha damu nako hukosea, nitalieleza hilo mbele, lakini pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa makosa hayo peke yake. Na homa zetu ni nyingi kuliko majina mawili tuliyoyazoea. Katika utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa homa waliolazwa walipewa jina la malaria na madaktari, ilhali waliokuwa na malaria kweli hawakufika 2 kati ya 100. Miongoni mwa waliobaki kulikuwa na homa ya mgunda, kulikuwa na brusela, kulikuwa na magonjwa mengine yanayotoka kwa mifugo ambayo kwenye zahanati nyingi hayapimwi kabisa.

Unaweza kusema: hata kama si taifodi, vidonge vya siku saba vina madhara gani? Hapo ndipo penye jambo langu. Taifodi tunayoidhania, tunayoitibu bila kuwa na uhakika, ndiyo inayosaidia kuzaa taifodi ya kweli ambayo dawa haziiwezi. Ngoja nieleze inavyokuwa, maana ushauri wote utakaofuata unatoka hapo.

Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, anaishi kwa binadamu tu. Hakai kwa ng'ombe wala kwa kuku. Kabla ya dawa, kati ya wagonjwa 100 walikufa 10 na wakati mwingine hata 30. Mwaka 1948 ilionekana kwamba kloramfenikoli inaponya, na baadaye zikaongezeka ampisilini na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la septrini. Zilifanya kazi nzuri kwa miaka. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, huko Asia ya Kusini ulichomoza ukoo mmoja wa Typhi ambao wanasayansi wanauita H58. Wengi wa ukoo huo walikuwa wamebeba usugu dhidi ya dawa zote tatu kwa mpigo. Wasafiri waliusambaza, ukavuka bahari, ukafika Afrika Mashariki. Nairobi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, akiwemo Profesa Samuel Kariuki, wamewafuatilia bakteria hawa kwa miaka mingi, na wameonyesha jinsi H58 ulivyoshika mizizi katika mitaa kama Kibera.

Lakini ukitaka kuona kasi ya ukoo huu, tazama Blantyre, Malawi. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, kati ya mwaka 1998 na 2010, maabara ilikuwa ikiona kwenye damu wastani wa wagonjwa 14 wa taifodi kwa mwaka. Mwaka 2011 wakawa 67. Mwaka 2012 wakawa 186. Mwaka 2013 wakafika 843. Waliokuwa na usugu dhidi ya dawa nyingi mwanzoni hawakufika 7 kati ya 100. Kufikia mwaka 2014 walikuwa 97 kati ya 100. Maji hayakuwa yameharibika mara sitini katika miaka hiyo michache. Kilichobadilika ni aina ya bakteria: H58 ulikuwa umefika, na dawa zilizokuwa kwenye makabati ya zahanati hazikuusumbua.

Dunia ikahamia kwenye sipro na, kwa wagonjwa wa kulazwa, sindano ya seftriaksoni. Sipro nayo ikaanza kuchoka. Mwaka 2018 jiji la Harare lilipata mlipuko wa taifodi ambayo sipro haikuiweza. Na kabla ya hapo, Novemba 2016, katika mji wa Hyderabad ulioko jimbo la Sindh nchini Pakistan, lilianza lile ambalo madaktari walikuwa wakiliogopa. Typhi wa ukoo huohuo wa H58 alionekana akiwa na usugu dhidi ya dawa tatu za zamani, dhidi ya sipro, na sasa dhidi ya seftriaksoni pia. Maelfu waliugua. Kidonge kilichobaki cha kutegemewa kilikuwa azithromaisini, na kikishindikana hicho, zilibaki sindano za gharama kubwa kama meropenemu, ambazo mgonjwa lazima alazwe ili azipate.

Usugu ule dhidi ya seftriaksoni Typhi hakuubuni mwenyewe. Wanasayansi walipousoma mpangilio wa vinasaba vyake, walikuta ameongezewa kipande kinachoitwa plasmidi, kinachofanana na kile ambacho bakteria wa kawaida wa utumbo, E. coli, hukibeba. Plasmidi huhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine wanapokutana. Sasa fikiria utumbo wa mtu aliyemeza antibaiotiki mara nne kwa mwaka kwa taifodi ambayo hakuwa nayo. Kila dozi inawaua bakteria wapole na kuwaacha wasugu, ambao wanazaliana na kujaa. Siku Typhi wa kweli atakapoingia kwenye utumbo huo, atawakuta wenyeji walio tayari kumkabidhi silaha. Hivyo basi, anayekwambia kwamba vidonge visivyohitajika havina madhara anayatazama madhara ya wiki hii tu.

Azithromaisini yenyewe haiko salama. Bangladesh walipata Typhi ambaye badiliko dogo kwenye pampu yake ya kutolea sumu linamwezesha kuitapika dawa hiyo nje, na mabadiliko ya namna hiyo yameonekana tena katika nchi nyingine za Asia. Kila ninapoona azithromaisini ikiuzwa dukani kwa mafua, naumia, kwa sababu mafua husababishwa na virusi na hicho ndicho kidonge cha mwisho tulichonacho kwa mgonjwa wa taifodi sugu.

Sasa tufike kwenye matendo.

Homa ikianza, kwanza pima malaria kwa kipimo cha haraka. Hilo halina mjadala katika nchi zetu, na kwa mtoto mdogo lifanyike siku hiyohiyo. Kama malaria haipo na homa inaendelea kupita siku tatu, hasa homa inayopanda kidogokidogo kila jioni, yenye kichwa kuuma, mwili kukosa nguvu, tumbo kusokota, kufunga choo au kuharisha, ndipo taifodi iwekwe kwenye hesabu. Usiende duka la dawa ukaeleze dalili na kuondoka na antibaiotiki. Muuza dawa anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu, ila hana njia ya kujua ni bakteria gani yuko kwenye damu yako. Nenda kituo cha afya, na ukifika kwa daktari mwombe jambo moja kwa heshima: "Daktari, kama unanishuku taifodi, naomba damu yangu ioteshwe kabla sijaanza dawa."

Neno zito katika ombi hilo ni "kabla". Kuotesha damu, au kalcha kama wanavyoiita maabara, ni kuchukua damu na kuiweka kwenye chupa yenye lishe ya bakteria ili kuona kama wataota. Ukishameza hata dozi mbili za antibaiotiki, bakteria hupungua kwenye damu na chupa inaweza isioteshe kitu ingawa ugonjwa upo. Hata bila dawa, kipimo hiki hukamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10, kwa sababu Typhi hukaa wachache sana kwenye damu. Ndiyo maana wingi wa damu nao una maana. Kwa mtu mzima chupa moja huhitaji mililita 8 hadi 10, na kuchukua chupa mbili ni bora kuliko moja. Mama akimwona muuguzi anajaza bomba zima la sindano kutoka mkononi mwa baba watoto hushtuka. Asishtuke, damu hiyo mwili utairudisha, na ikiwa kidogo kipimo kinakosa nguvu. Kwa mtoto huchukuliwa kulingana na uzito wake.

Najua kituo chako cha jirani huenda hakina huduma hiyo. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zinayo, na hospitali kadhaa za mikoa, za mashirika ya dini na za binafsi pia. Uliza kama kituo chako kinaweza kuchukua damu na kuituma. Gharama ni kubwa kuliko ya Widal, sikatai. Lakini iweke kwenye mizani pamoja na Widal tatu, dozi tatu za sipro na siku za kazi zilizopotea katika mwaka mmoja, uone ni ipi iliyokula fedha zaidi.

Kuna hali ambayo hutakiwi kusubiri. Mgonjwa aliyechanganyikiwa, anayeweweseka, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, hawa waanze dawa mara moja hospitalini. Hata hapo damu ya kuotesha inaweza kuchukuliwa dakika ileile mrija wa dripu unapowekwa. Majibu yatafuata, na dawa itabadilishwa ikibidi. Haicheleweshi kitu.

Chupa ikiotesha, majibu ya kwanza hutoka baada ya siku moja au mbili, na orodha ya dawa zinazomfaa bakteria huyo hufuata. Orodha hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote utakazopewa. Mbele ya kila dawa kuna herufi: S maana yake dawa inamuua, R maana yake amekuwa sugu, I ni katikati na daktari ndiye aamue. Ukiona sipro au ndugu yake pefloksasini ina R, usikubali kupewa sipro kwa sababu tu ndiyo iliyopo dirishani. Ukiona seftriaksoni ina R, hakikisha daktari ameiona herufi hiyo kwa macho yake, kwa kuwa hapo mnazungumzia aina adimu ambayo hata wizara inapaswa kuarifiwa. Ipige picha karatasi hiyo kwa simu na uitunze. Homa ikirudi mwezi ujao, daktari mpya atajua mwenzake alikutana na nini.

Hapa wagonjwa wengi hukosea, tena kwa nia njema. Taifodi ni ugonjwa wa polepole. Hata dawa ikiwa sahihi kabisa, homa huchukua siku nne hadi saba kushuka. Mtu anameza siku mbili, anaona joto bado lipo, anasema dawa hii hainifai, anahamia nyingine, halafu nyingine. Mwishowe amemeza nusu ya dozi tatu tofauti na hakuna aliyejua ni ipi iliyofanya kazi. Subiri, lakini subiri ukiwa unatazamwa: andika joto asubuhi na jioni. Kama baada ya siku tano hakuna hata dalili ya kushuka, rudi hospitali na karatasi yako ya joto, usirudi dukani. Na homa ikishuka siku ya tano usiache vidonge vilivyobaki. Baadhi ya wagonjwa taifodi huwarudia wiki mbili au tatu baada ya kupona, na dozi iliyokatishwa huongeza hatari hiyo.

Wiki ya tatu ya ugonjwa ambao haukutibiwa vizuri ndiyo yenye hatari kubwa. Vidonda vilivyotokea kwenye ukuta wa utumbo mwembamba vinaweza kutoboka. Kati ya mwisho wa 2007 na katikati ya 2009, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ilikumbwa na mlipuko ambao madaktari waliutambua kwanza kwa wingi wa matumbo yaliyotoboka: wagonjwa 249 walipata tatizo hilo, na watu 47 walifariki. Bakteria walikuwa sugu kwa dawa za kawaida. Huko Mwanza, madaktari wa upasuaji wa Bugando waliandika mwaka 2012 kuhusu wagonjwa wao 104 waliotoboka utumbo kwa taifodi; zaidi ya mmoja kati ya watano hakutoka hospitalini akiwa hai. Wengi wa wanaotoboka ni watoto wa shule na vijana. Kwa hiyo, mgonjwa wa homa ya siku nyingi akianza ghafla kulia tumbo, tumbo likakaza kama ubao na hataki liguswe, au akapata choo cheusi au chenye damu, hiyo ni safari ya hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku uleule. Usimpe dawa ya kumharisha ili "asafishe tumbo", wala dawa yoyote ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa. Ukuta uliolainika hauhimili msukosuko huo.

Kuna jamaa wengine wa ugonjwa huu ambao inafaa uwajue kwa majina, kwa ufupi. Paratyphi A huleta homa inayofanana sana na taifodi. Kwetu ni nadra, lakini India, Nepal na Bangladesh yupo kwa wingi. Indonesia wapo Typhi wenye mikia ya kuogelea ya aina tofauti na ya wenzao, na mahali pengine wameonekana wachache waliopoteza ganda lao la nje la sukari linaloitwa Vi, ambalo chanjo nyingi za taifodi hulitegemea. Hawa hawajawa tatizo kubwa, ila wanaonyesha kwa nini kipimo kinachosoma sehemu moja ya bakteria kinaweza kudanganyika. Aliye karibu nasi zaidi na anayeua zaidi ni mwingine: Salmonella Typhimurium wa aina ya ST313, aliyeenea Afrika kusini mwa Sahara. Huyu huingia kwenye damu za watoto wenye utapiamlo, wenye upungufu wa damu baada ya malaria, na za watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila dawa. Mara nyingi mtoto haharishi. Anakuwa na homa tu, na anapumua haraka hata mtu adhani ni nimonia. Chanjo ya taifodi haimzuii. Kinachomzuia ni lishe, chandarua, dawa za kufubaza virusi, na tena damu kuoteshwa mapema.

Na kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, wa Unguja na Pemba, na wa mabonde ya mpunga, nina neno la pembeni ambalo halisemwi vya kutosha. Salmonella huweza kujishikiza kwenye minyoo ya kichocho iliyomo kwenye mishipa ya damu na kujificha humo. Mgonjwa anatibiwa vizuri, homa inaisha, wiki kadhaa baadaye inarudi, na hakuna anayeelewa. Kama kalcha imethibitisha Salmonella na homa ikarudi baada ya dozi kamili, omba upimwe kichocho kwenye mkojo na choo. Prazikwanteli inaweza kuwa ndiyo dawa iliyokosekana.

Safari nazo zina uzito wake. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar zina familia zenye ndugu Karachi na miji mingine ya Sindh, na wapo wanaokwenda India kwa matibabu. Taifodi ile ya Hyderabad imeshapatikana Uingereza na Marekani kwa watu waliotoka Pakistan. Ukirudi kutoka huko, na homa ikakushika ndani ya wiki nne, mtajie daktari nchi uliyotoka kabla hajakuuliza. Neno hilo moja linabadilisha dawa atakayoanza nayo.

Chanjo mpya ya taifodi, ile ya kuunganishwa na protini, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018. Tofauti yake na za zamani ni kwamba hutolewa kwa mtoto kuanzia miezi sita, sindano moja tu, na kinga yake hudumu miaka. Blantyre, jiji lilelile lililoteseka, watoto zaidi ya 28,000 walishiriki katika jaribio lake, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba ilizuia takriban taifodi 8 kati ya 10. Pakistan ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza kwenye ratiba ya taifa, Novemba 2019, na imewakinga watoto wa Sindh hata dhidi ya ile aina sugu, maana chanjo haijali kama bakteria anasikia dawa au hasikii. Liberia na Zimbabwe zilifuata mwaka 2021, Malawi mwaka 2023, na Kenya ilianza kampeni yake Julai 2025 kwa watoto wa kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Mzazi uliyeko Kenya, kama mtoto wako aliikosa, ulizia kliniki. Uliye mahali ambapo haipo kwenye ratiba, hospitali kubwa na vituo vya chanjo vya wasafiri huwa nayo kwa malipo. Wa kwanza kufikiriwa wawe watoto wa umri wa shule, kisha wanaosafiri kwenda Asia ya Kusini, na wanaofanya kazi maabara. Chanjo haizuii Paratyphi A, kwa sababu hana lile ganda la Vi, kwa hiyo aliyechanjwa bado atachemsha maji.

Kuhusu maji mengi mmeshayasikia, nitasema yale yanayosahaulika. Maji yakichemka na kutokota kwa dakika moja yametosha. Tatizo huanza baadaye, kwenye ndoo ambayo kila anayetaka kunywa anachovya kikombe na vidole vyake. Tumia chombo chenye koki au chenye mdomo mwembamba. Ukitumia dawa ya klorini, ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Barafu haiui Typhi. Juisi ya miwa iliyobanwa kwa usafi ikitiwa barafu ya maji ya kisima imeshaharibika. Kampala mwaka 2015 ilipata mlipuko mkubwa wa taifodi katikati ya jiji, na uchunguzi uliwafikisha kwenye maji na juisi zilizokuwa zikiuzwa mitaani. Mboga za majani zinazoliwa mbichi zitazamwe zinakotoka. Santiago, mji mkuu wa Chile, uliishi na taifodi kwa miongo, kwa sababu mashamba ya mboga yalimwagiliwa maji ya mifereji ya majitaka; serikali ilipopiga marufuku umwagiliaji huo mwaka 1991, kwa hofu ya kipindupindu, taifodi ikaporomoka. Nikiwaza bustani za mchicha zilizo kandokando ya mito ya miji yetu, naona halmashauri zina kazi ambayo hakuna sabuni ya nyumbani itakayoifanya. Na wale wanaotapisha vyoo mvua za masika zinaponyesha wanawanywesha majirani zao taifodi. Lisemwe kwenye mikutano ya mtaa, kwa majina ya mitaa.

Mwisho ni suala la wabebaji. Watu wachache kati ya 100 waliougua taifodi hubaki na Typhi kwenye kifuko cha nyongo kwa zaidi ya mwaka, hasa wenye mawe kwenye nyongo, na zaidi wanawake. Hawaumwi chochote. Mary Mallon, mpishi aliyekuwa New York, aligundulika mwaka 1907 kuwa chanzo cha taifodi katika nyumba alizopikia. Alitengwa, akaachiwa mwaka 1910 kwa sharti la kutopika, akarudi jikoni, akatengwa tena mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1938. Leo hakuna haja ya kumfungia mtu. Ukiwa mama lishe, mpishi wa shule au mhudumu wa hoteli, na umethibitika kwa kalcha kuwa uliugua, kaa nje ya jiko hadi umalize dozi, kisha omba choo kioteshwe mara tatu kwa siku tofauti, kuanzia siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Zote tatu zikiwa safi, rudi kazini. Moja ikionyesha Typhi, yapo matibabu ya wiki nne ambayo huwasafisha wengi, yakichaguliwa kwa ile orodha ya S na R uliyoipiga picha, na wenye mawe kwenye nyongo huenda wakahitaji upasuaji. Mwajiri anayemfukuza mpishi kwa sababu hiyo anawafundisha wengine wote kuficha homa zao. Mpe kazi ya kuhudumia wateja mbali na chakula kwa wiki hizo, umlipe kama kawaida.